Barua kwa Somo: Mchicha wangu umestawi kwa tope la vyoo, sasa usingizi umenipaa

Somo, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 43, nakaa pembezoni mwa mji wa Mtwara, upande wa kwenda Naliendele. Jina langu naomba lisitoke, maana huku ukilitaja pamoja na neno mchicha, hata mtoto wa darasa la kwanza atakuelekeza kwangu. Nina bustani ya robo ekari bondeni. Eneo si langu, ni la mjomba, kaka wa marehemu mama. Juu kidogo ana mikorosho yake, na hapa chini alinipa nilime mume wangu alipovuka kwenda Msumbiji kutafuta maisha na asirudi. Kwa bustani hiyo nimesomesha watoto watatu bila kumgongea mtu mlango.

Mwaka 2021 mbolea ilipanda, mfuko wa urea ukapita laki moja. Kijana mmoja anayeendesha gari la kunyonya vyoo akaniambia lipo tope lililokwisha kukauka, jeusi, jepesi kama unga wa kahawa, na wenye bustani wanaligombania. Nilipe mafuta ya gari na vibarua wa kushusha, basi. Akaleta, nikalichanganya na udongo. Somo, mchicha ulitoka jani moja kama kiganja cha mwanaume! Wiki ya tatu nilikuwa nimeshaanza kung'oa na kuuza. Tangu hapo analeta tripu mbili kila mwaka, tani tatu tatu. Nimekwenda hivyo miaka minne.

Wateja wangu ni mama ntilie wawili wa stendi, genge moja la Magomeni, na shule ya bweni inayochukua mafungu 200 kwa wiki. Halafu yuko binti wa dada yangu, ana mimba ya miezi sita. Kliniki walimwambia damu yake iko chini, ale mboga za majani kwa wingi. Ninayempelekea mboga hizo kila jioni ni mimi.

Sasa shida. Binti yangu mkubwa yuko chuo, anasomea maabara. Alipokuja likizo akashika jembe anisaidie. Likagonga kitu. Akainama akatoa betri ya tochi, imeoza ubavuni, inatoa unga mweusi. Akafukua tena akapata mbili nyingine, kipande cha waya wa shaba na kifuniko cha sindano. Akaniuliza, "Mama, hili tope linatoka wapi?" Nikamwambia. Hakusema kitu mpaka usiku, ndipo akanieleza kuhusu metali nzito: kadimiamu, risasi, zebaki. Kwamba haziozi, moto hauzimalizi, zinakaa ardhini na mboga inazinyonya. Akanionesha kwenye simu habari za akina mama wa Japani waliovunjika mifupa kwa kadimiamu. Toka siku hiyo hali mboga ya nyumbani. Ananunua chainizi sokoni kwa hela yake, anapika kwenye kisufuria chake. Ile betri ameiweka dirishani jikoni. Kila nikikoleza moto, inanitazama.

Nilijaribu kumwambia mjomba, akacheka. "Babu zako walikwenda haja porini, na mihogo ikaota." Tena ameshamwambia binamu yangu naye amwage tope kule juu pembeni mwa mikorosho apande matikiti. Gari limeagizwa, korosho zikishauzwa tu linakuja. Shule nayo inataka niongeze hadi mafungu 300.

Mdogo wangu wa kike anasema ninyamaze. "Ukifungua mdomo utaitwa mama mboga za choo hadi siku ya kuzikwa, na mkopo wa kikoba utalipwa na nani?" Ni kweli, nadaiwa laki sita. Lakini usingizi sina. Nikimwona mtoto wa jirani anaumwa tumbo najiuliza kama ni mimi. Miguu yangu inauma, nayo najiuliza.

Somo, nimewalisha watu sumu? Shamba la mjomba nimeliua? Niseme au ninyamaze?

Mama wa Bondeni, Mtwara


SOMO ANAJIBU

Marahaba, mdogo wangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nachambua mchicha, nikabaki na fungu mkononi. Kwa hiyo usidhani unazungumza na mtu aliyekaa mbali na jambo lenyewe.

Nianze na nilivyokuelewa. Miaka minne umetumia kitu ambacho hujui ndani yake kuna nini. Bintiyo amekuonesha kinachoweza kuwamo. Wewe kutoka "kinaweza kuwamo" umeruka moja kwa moja mpaka "nimewalisha watu sumu". Mjomba naye ameruka upande wa pili, katua kwenye "hakuna kitu". Nyote wawili hamjapima. Aliyeuliza swali lenye maana mpaka sasa ni binti, pale aliposema: hili tope linatoka wapi?

Mimi si mtu wa udongo. Lakini barazani kwetu hapa Lindi huja bwana shamba mstaafu kunywa kahawa, na nilimsomea barua yako bila kutaja mahali. Mengi ya hesabu utakayoyaona hapa chini ni yake, aliyaandika nyuma ya risiti ya luku. Ya moyoni ni yangu.

Jambo la kwanza aliloniambia ni kwamba umeweka hofu mbili kwenye chungu kimoja. Kuna hofu ya vijidudu na kuna hofu ya metali, na dawa zake hazifanani hata kidogo.

Vijidudu vya kinyesi, hasa mayai ya minyoo, ni vigumu kufa, lakini vinakufa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2006, linasema kwenye nchi za joto la nyuzi 20 hadi 35, kama hapa kwetu, kinyesi kihifadhiwe zaidi ya mwaka mzima bila kuongezwa kipya ndipo kipelekwe shambani. Umesema tope lilikuwa limekauka. Je, lilikuwa limekaa? Juani kwetu tope linakauka kwa wiki chache, na yai la mnyoo linakusubiri humo humo. Hata hivyo mchicha wetu tunauchemsha mpaka unalala, na moto huo unamaliza mayai. Kwa hofu hii, aliye hatarini zaidi kuliko mteja wako ni wewe unayelichanganya kwa mikono mitupu, na watoto wanaocheza kwenye rundo. Miguu unaingia peku? Hukuandika, na mimi nimejiuliza.

Metali ndizo haziozi, hapo bintiyo hakukosea. Kuchemsha hakuziondoi. Kuosha kunasaidia nusu: risasi mara nyingi iko kwenye vumbi na udongo ulioshika jani, kwa hiyo maji mengi yanaipunguza, lakini kadimiamu hupanda na mizizi ikakaa ndani ya jani lenyewe. Na majani ndiyo yanayoipokea kwa urahisi. Mchicha, spinachi na saladi huchukua zaidi kuliko punje ya mahindi au tunda la bamia. Kwa bahati mbaya, kati ya mazao yote umechagua lile lenye mdomo mpana.

Lakini metali zinatoka wapi? Kwenye miji ya viwanda, maji ya kiwandani, ya gereji na ya majumbani huingia bomba moja. Yakisafishwa, metali hushikana na tope. Maji yanatoka masafi na sehemu kubwa ya mzigo inabaki chini. Ndiyo sababu nchi za Ulaya zilitunga sheria mwaka 1986: udongo unaowekwa tope usiwe na kadimiamu zaidi ya kiwango ambacho kila nchi itajichagulia kati ya miligramu 1 na 3 kwa kilo, na tope lenyewe lisizidi kati ya 20 na 40. Miligramu moja ni kitu gani? Chukua kilo nzima ya udongo, utie punje mbili hivi za sukari. Hiyo. Jicho halioni, ulimi hauonji, na rangi ya mchicha haikwambii chochote. Tena mchicha wenye kadimiamu unaweza kunawiri kama kawaida, kwa hiyo wanaosema "ungekuwa na sumu usingestawi" wasikupumbaze.

Tope la vyoo vya majumbani ni habari nyingine. Humo mna tulichokula na tulichotupa. Tulichokula kina metali kidogo. Kwenye tulichotupa ndiko iliko betri yako. Sasa iangalie vizuri badala ya kuiacha ikutazame. Betri za kawaida za tochi na redio ni zinki na manganizi kwa sehemu kubwa. Kadimiamu ilikuwa kwenye betri za kuchaji za aina ya zamani, na risasi iko kwenye betri za gari na pikipiki. Betri tatu za tochi si jambo la kufurahia, lakini si sawa na shimo la fundi anayefungua betri za magari akamwaga chooni. Kwa hiyo muulize yule dereva ananyonya wapi. Nyumba za watu tu, au na gereji, na zahanati, maana kile kifuniko cha sindano kimetoka mahali? Madereva wa magari yale wanavijua vyoo vya mji kuliko mwenyekiti wa mtaa.

Hii hapa risiti ya luku. Robo ekari, udongo wa juu kina cha sentimita 20, ni kama tani 280. Tripu mbili za tani tatu, ukitoa unyevu, tuseme tani 5 kavu kwa mwaka. Ikiwa tope lilikuwa na kadimiamu miligramu 2 kwa kilo, miaka minne imeongeza kwenye udongo wako miligramu 0.14 hivi kwa kilo. Hicho ni kidogo. Ikiwa lilikuwa na 40, ule ukomo wa juu kabisa wa Ulaya, miaka hiyo hiyo imeongeza karibu 2.9, na hapo umegusa dari ya udongo, ile miligramu 3. Mikono yako ile ile, jembe lile lile, umbali kati ya hadithi hizi mbili ni mara 20. Mzee aliiweka kalamu chini akasema, "Huyu mama anataka hukumu, mimi namtakia kipimo." Nikamwambia angekuwa yeye ndiye halali usiku naye angetaka hukumu.

Kuhusu wale akina mama wa Japani. Habari ni ya kweli. Ni mkoa wa Toyama, mto Jinzu. Mgodi ulimwaga kadimiamu mtoni, mto ukanywesha mashamba ya mpunga, na watu wakala wali huo kila siku kwa miongo. Walioumia zaidi walikuwa wanawake wa umri mkubwa waliozaa mara nyingi. Figo zikaharibika, mifupa ikawa laini. Ugonjwa wakauita itai-itai, yaani "inauma, inauma", na serikali yao ikaukubali rasmi mwaka 1968 kuwa umetokana na uchafuzi. Mgodi mzima kwa miongo, mdogo wangu, na chakula kikuu. Bintiyo amekuonesha mwisho wa njia. Hajakuonesha uko hatua ya ngapi, kwa sababu hata yeye hajui. Na miguu yako inayouma, tafadhali, ipeleke hospitali kama miguu ya mtu yeyote wa miaka 43 anayeinama bondeni kutwa. Usiipeleke kwenye simu ya mwanao.

Shamba umeliua? Mfano alionipa mzee ni wa Uingereza, mahali paitwapo Woburn. Waliweka tope la mjini kwenye bustani za majaribio kuanzia 1942 hadi 1961, wakaacha. Zaidi ya miaka 20 baadaye wakapima: metali nyingi bado ziko kwenye udongo wa juu, na bakteria wanaokaa kwenye mizizi ya klova, ambayo ni ya ukoo mmoja na kunde, walikuwa wameshindwa kazi yao ya kutengeneza mbolea. Mazao mengine yaliendelea kuota. Kwa hiyo udongo haufi kama kuku anavyokufa. Lakini kilichoingia hakitoki. Ndiyo maana kati ya yote uliyoandika, lililonishtua kuliko betri ni lile gari la binamu yako. Kilichomo bondeni kimeshaingia. Kule juu bado.

Kuna kitu kingine cha huku kwetu ambacho si rahisi bintiyo akipate kwenye simu. Mikorosho ya mjomba inapigwa salfa ya unga kila msimu kwa ajili ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, sivyo? Salfa ikidondoka chini, mwaka hadi mwaka, inauchachusha udongo, yaani inauongezea asidi, na mchanga wetu huu mwekundu hauna nguvu ya kuuzuia uchachu. Udongo ukiwa mchachu, kadimiamu na zinki hulegea zikapanda kwenye mmea kwa urahisi. Ukiwa umetulia, zinashikwa. Maana yake tope lile lile, likiwekwa chini ya mikorosho inayopigwa salfa, lina hatari kubwa kuliko likiwekwa kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi mahali pengine. Hilo mjomba anaweza kulisikia, kwa sababu ni habari ya mikorosho yake. Mzee wa kusini ukimwambia mboga atacheka. Ukimwambia mikorosho ataweka kikombe chini.

Sasa unaweza kufanya nini? Nitakutajia njia nilizoziona pamoja na miiba yake, uchague mwenyewe.

Kupima. Uchachu wa udongo unaweza kuulizia hapo hapo jirani yako, kituo cha utafiti cha Naliendele. Metali zinataka mashine kubwa zaidi, na huko utafikiria maabara kama za Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro, au ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Uliza bei kabla ya kutuma, na uombe kadimiamu na risasi kwanza, usilipie orodha nzima. Uchukuaji wa udongo una adabu yake: tembea shambani kwa kupinda kama nyoka, chota sehemu 15 au 20 kwa kina cha sentimita 20, uchanganye kwenye ndoo ya plastiki. Ya bati usitumie, inatoa zinki ikakuharibia majibu. Toa nusu kilo. Halafu fanya hivyo hivyo mahali ambapo hujawahi kuweka tope, ili uwe na cha kulinganisha. Ukiweza, ongeza fungu la mchicha wenyewe, maana watu wanakula jani. Mwiba wake ni fedha, muda, na majibu yenyewe. Ukishayajua huwezi tena kusema hukujua. Umejiuliza kama uko tayari kwa majibu mabaya? Na je, uko tayari kwa majibu mazuri? Kuna watu wakizoea hofu, nafuu inawachanganya.

Kubadili zao. Bamia, nyanya chungu na mahindi ya kuchoma hupokea metali kidogo kuliko majani, na ungeendelea kuuza bila kumwambia mtu jambo lolote. Mwiba ni kwamba mchicha unakupa hela kila wiki ya tatu au ya nne, na bamia itakusubirisha kama miezi miwili huku kikoba kikigonga hodi. Pengine nusu ya matuta kwanza. Pengine uongee na wenzako wa kikoba kuhusu marejesho kabla hujachelewa. Chokaa ya shambani nayo hupunguza uchachu na kuzishika metali, lakini kiasi chake kinategemea kipimo. Ukimwaga kwa kukisia unaweza kuunyima mchicha hata madini unayoyahitaji.

Binti wa dada yako nimemwacha peke yake, kwa sababu hapa naona njia fupi isiyohitaji tangazo. Mwili wenye upungufu wa madini chuma hufyonza kadimiamu zaidi, na risasi si rafiki wa mtoto aliye tumboni. Damu inaongezwa pia na vidonge vya kliniki, dagaa, mbaazi na kunde. Ukianza kumpelekea bakuli la mbaazi za nazi badala ya mchicha, kuna mtu atakuuliza kwa nini? Akiuliza yeye mwenyewe, huyo pengine ndiye wa kwanza anayestahili jibu la kweli.

Nimesema pengine. Maana tumefika kwenye swali lako kubwa, nami sitajifanya nalijua jibu lake.

Umeliandika kana kwamba kuna milango miwili tu, kusimama stendi na kipaza sauti au kufa na siri. Mimi naona watu wengi tofauti kwenye barua yako, na kila mmoja unadaiwa kitu tofauti. Shule inalisha watoto wa watu wasiochagua wanachokula. Kwao hata kusema "sitaongeza mafungu mpaka nijue jambo fulani kuhusu udongo wangu" ni neno zito, na si uongo. Mama ntilie ana biashara inayotegemea jina lake kama wewe. Ukimwambia leo, bila kipimo mkononi, atakachosikia ni neno choo. Kinyaa na hatari ni ndugu wawili wasiofanana, lakini mtaani huitwa jina moja. Tena wenzako wa bondeni ambao hawajawahi kugusa tope nao watakosa wateja kwa ajili ya sentensi yako moja. Hiyo ni gharama ya kusema mapema.

Gharama ya kunyamaza nayo ipo. Dereva ana mdomo. Vibarua walioshusha wana midomo. Binti yako anapika kisufuria chake na majirani wanaona. Siri hii ina watu wasiopungua sita tayari, na siku ikitoka bila wewe, watu hawatauliza kiwango cha kadimiamu. Watauliza ulijua lini. Mdogo wako amekuhesabia hasara ya kusema, na amehesabu vizuri. Hii nyingine hajakuhesabia. Muulize siku moja, angekuwa yeye ndiye mama ntilie, angependa kusikia kwa nani.

Vile vile serikali ipo. Tuna Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za ubora wa udongo za 2007, na kumwaga tope la vyoo popote mtu anapotaka si jambo la hiari ya dereva. Ukienda kwa bwana afya unaweza kupata msaada, unaweza pia kupata usumbufu. Afisa kilimo wa kata ni mlango mwepesi zaidi kuanzia, hasa ukienda na swali mkononi: "nataka kupima udongo, nianzie wapi?"

Kuhusu bintiyo. Umeandika kwamba hali mboga zako, nami nimesikia "ananidharau", ingawa neno hilo hukuliandika. Ada yake ililipwa na mchicha huo huo wa tope. Unadhani halijui hilo? Mtoto anayejua kwamba elimu iliyomwezesha kuiona hatari ilinunuliwa kwa hatari yenyewe ana mzigo wake, na huenda kisufuria kile kinasema hofu kuliko dharau. Na chainizi anayonunua sokoni, ameuliza imeoteshwa kwa maji gani na mbolea gani? Simsuti. Nasema tu kwamba hata yeye amechagua kutojua mahali fulani, kama sisi sote tunavyofanya ili tuweze kula.

Yeye anasomea maabara. Wewe unahitaji mtu wa kuchota udongo kwa adabu, kuandika lebo, kupiga simu na kusoma majibu bila kutetemeka. Mjomba naye anahitaji kuambiwa habari za salfa na uchachu na mtu asiyemwogopa, kabla korosho hazijauzwa na gari halijawasha moto. Sijui kama mko katika hali ya kuongea sasa hivi. Ila jaribu kuingia jikoni siku moja yeye akiwepo, uitoe ile betri dirishani mbele yake, uitie kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko, maana haifai kukaa karibu na chakula hata kidogo. Halafu umuulize ndoo mtanunua ya lita ngapi.

Niandikie uchachu ulivyotoka. Mzee wa barazani anauliza kila siku.

Somo